Treni hukatwa Tabora, ndege haikatwi

Treni inayotoka Dar es Salaam kwa reli ya kati hufika Tabora ikiwa ndefu, na hapo hukatwa. Mabehewa ya Mwanza hupewa kichwa chake na kupanda kaskazini. Ya Kigoma hupewa kingine na kuendelea magharibi, na yakifika Kaliua reli ya Mpanda inachepuka kushoto. Abiria wakipungua, mabehewa mawili matatu yanaachwa uani. Wakifurika wakati wa sikukuu, yanaongezwa. Urefu wa treni unafuata watu waliopo stesheni.

Ndege haina mahali pa kukatia. Shirika likinunua ndege ya viti 500, litarusha viti 500 Jumanne ya mwezi Februari kama lilivyovirusha tarehe 22 Desemba, na viti vitupu vitakula mafuta kama vilivyokaliwa, pungufu kidogo tu. Karibu kila kitu kilichoipata Airbus A380, ile ya ghorofa mbili, kinaanzia hapo. Ilianza kubeba abiria Oktoba 2007 ikiwa na Singapore Airlines, kutoka Singapore kwenda Sydney. Februari 2019 Airbus ikatangaza kuacha kuitengeneza, na ya mwisho ikakabidhiwa kwa Emirates Desemba 2021. Mashirika yalipokea 251 tu. Boeing 747, iliyoanza kazi Januari 1970, ilifikisha 1,574 kabla ya ya mwisho kukabidhiwa Januari 2023.

Vijiweni swali ni lilelile: si ndege ikiwa kubwa, gharama inagawanywa kwa watu wengi? Basi la watu 60 si linalipa kuliko Hiace? Linalipa, lakini angalia jinsi Hiace ya Kasulu inavyoondoka Kigoma. Inaondoka ikijaa. Mpiga debe anaita, konda anabana watu, dereva anawasha gari kiti cha mwisho kikishapata mtu. Ndege inaondoka saa ikifika, iwe na watu 480 au 210. Tiketi ziliuzwa miezi sita nyuma kwa saa hiyo, na mbele kuna abiria wanaotakiwa kuunganisha. Faida yote ya ukubwa inategemea kujaa, na kujaa ndiko kusikoweza kusubiriwa.

Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kufuatilia kwa kalamu, lakini umbo lake ndilo ambalo mpangaji wa ruti hukutana nalo mezani.

Ndege kubwa ina viti 500 na safari moja ya kwenda inagharimu dola 230,000, yaani mafuta, wafanyakazi, ada za uwanja na za anga, matengenezo na mkopo, vyote pamoja. Ndege ya kati ina viti 300 na safari ileile inagharimu dola 150,000. Gharama ya kiti ni dola 460 kwa kubwa na dola 500 kwa ya kati. Kubwa imeshinda kwa asilimia 8, na hii ndiyo namba ambayo muuzaji wa ndege huiweka ukurasa wa kwanza wa maelezo yake.

Sasa weka nauli ya wastani ya dola 600. Kubwa inahitaji abiria 384 ili irudishe gharama, ya kati inahitaji 250. Siku ya watu 280, ya kati inapata faida ya dola 18,000. Kubwa, kwa watu haohao 280, inapata hasara ya dola 62,000.

Basi jazeni, utasema, shusheni bei. Tuseme wameuza viti 140 zaidi kwa dola 350. Ndege sasa ina watu 420, imejaa asilimia 84, ukiingia ndani unaona vichwa kila mahali. Mapato ni dola 168,000 za wale wa kwanza na dola 49,000 za hawa, jumla 217,000. Bado ni hasara ya dola 13,000, na hapo nimedhani kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale 280 aliyegundua kuna tiketi ya 350 akaisubiri. Watu si wajinga. Msimu wa pili wanasubiri, na nauli ya 600 inayeyuka.

Siku ya mafuriko ya abiria, watu 500 wakitaka kwenda, kubwa inapata faida ya dola 70,000. Hapa wengi hudhani ya kati imeachwa mbali. Lakini mwenye viti 300 na wateja 500 mlangoni hapandishi watu, anapandisha bei. Akiuza kwa dola 700 anapata 210,000, akiondoa gharama anabaki na 60,000. Pengo la siku nzuri ni dola 10,000, na la siku mbaya ni dola 80,000. Mwaka una siku mbaya nyingi kuliko Krismasi.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema A380 ina gharama ndogo kwa kiti, anasema kweli, ila hiyo ni nusu ya hesabu. Gharama hulipwa kwa safari. Mapato hupatikana kwa kiti kilichouzwa.

Halafu hata ile gharama ndogo kwa kiti haikuwa ndogo kama ilivyoahidiwa, na sababu iko kwenye mwili wa ndege yenyewe. A380 ina urefu wa mita 72.7. Wa Kigoma wanaweza kuipima kwa macho: MV Liemba, meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, 1913 na kuletwa Ziwa Tanganyika kwenye masanduku ikiwa vipande, ina mita 71 na kidogo. Weka Liemba angani, iongezee mabawa yenye upana wa karibu mita 80 kutoka ncha hadi ncha, na uzito wa kuruka wa tani 575. Matangi yanachukua lita 320,000 hivi za mafuta, sawa na semi tisa za lita 36,000.

Mabawa hayo yana eneo la mita za mraba 845, makubwa kuliko ndege hiyo inavyohitaji. Yalipigiwa hesabu ya kubeba pia toleo refu zaidi lililopangwa kuja baadaye, ambalo halikuja. Na upana wake ukasimamishwa chini kidogo ya mita 80 kwa sababu viwanja vikubwa vya dunia vimepanga maegesho kwa kikomo hicho. Bawa linalookoa mafuta ni refu na jembamba. Hili likalazimika kuwa fupi na pana. A380 ikazaliwa imevaa koti la kaka yake ambaye hakuzaliwa, na kila saa angani inalibeba.

Linganisha na Boeing 777-300ER, iliyoingia kazini 2004 ikiwa na injini mbili. A380 tupu ina tani 277 hivi. Emirates wakiipanga kwa viti 517, kila kiti kinabebewa kilo 536 za chuma, waya na vyoo. 777-300ER tupu ina tani 168 hivi, na kwa viti 354 vya Emirates haohao kila kiti kinabeba kilo 475. Kwa mafuta, A380 hutumia takriban tani 11 hadi 12 kwa saa, 777-300ER tani 7 hadi 8. Ukigawa kwa viti, zinakaribiana mno, na siku nyingine ile ndogo inatangulia.

Dawa ilikuwa kuongeza viti. Machi 2006, kule Hamburg, watu 873, wakiwemo wahudumu na marubani 20, walitoka ndani ya A380 kwa sekunde 78 huku nusu ya milango ikiwa imefungwa, na ndege ikaruhusiwa kubeba abiria 853. Hakuna shirika lililowahi kuruka na idadi hiyo. Air Austral ya Réunion iliagiza mbili za viti 840, mwishowe haikuzichukua. Waliojaza zaidi ni Emirates, viti 615 kwa madaraja mawili. Wengine waliweka baa, bafu na vyumba vya kulala, na wengi wakabaki kati ya 400 na kitu na 500 na kitu. Bafu halina ubaya likilipiwa, na kule Dubai linalipiwa. Lakini ukiweka bafu mahali pa viti kisha ukalalamika kwamba gharama ya kiti imepanda, kosa si la injini.

Injini nne

Zamani injini tatu au nne zilikuwa karibu lazima ukitaka kuvuka bahari. Ndege ya injini mbili ilitakiwa isiwe mbali zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja wa kutua, kwa mwendo wa injini moja. 1985 kikomo kikafika dakika 120, baadaye 180, na 2014 Airbus A350 ikaruhusiwa hadi 370. Kila kikomo kilipoongezwa, faida moja ya injini nne ilizikwa.

Injini nne si mara mbili ya gharama ya injini mbili, lakini haiko mbali sana na hapo. Gharama ya kuishusha injini, kuifungua, kukagua vyumba vya moto na kubadilisha diski zinazoshika mapanga yake, zikimaliza idadi yake ya safari, haishuki kwa nusu kwa sababu injini ni ndogo. Diski ina idadi yake ya safari, ikifika inatolewa hata kama inang'aa. Injini ya A380 ina msukumo wa pauni 70,000 hivi, ya 777-300ER pauni 115,000. Jumla ni 280,000 kwa 230,000, kwa ndege inayobeba viti mara moja na nusu. Fundi anayefungua injini nne analipwa kwa saa zake, na mafuta ya kulainisha, vichujio na vihisi vyote vinahesabiwa kwa nne.

Ongeza karakana. Mkia wa A380 uko mita 24 juu ya ardhi. Banda la kuiingiza nzima lina mlango ambao viwanja vingi havina. 2012 zilipopatikana nyufa kwenye vibano vinavyoshika mbavu za bawa na ngozi yake, zote zilizokuwa zikiruka zililazimika kupangiwa ukaguzi na baadaye kubadilishiwa vipande. Shirika lenye ndege 100 hulipanga jambo kama hilo kwa zamu. China Southern walikuwa na tano, Malaysia Airlines sita, Thai sita, ANA ya Japani tatu. Ukiwa na tano, moja ikiingia karakana umepoteza asilimia 20 ya uwezo wako, na bado unalipa stoo ya vipuri, mashine ya kufundishia marubani na mafundi wenye vyeti vya aina hiyo moja tu.

Mizigo ya tumboni

Hili hupuuzwa na wapenzi wa ndege, lakini wahasibu hawalipuuzi. Chini ya miguu ya abiria kuna makontena ya alumini. 777-300ER inabeba 44. A380, pamoja na ukubwa wake wote, inabeba 38, maana ina ghorofa mbili za watu juu ya tumbo moja la mizigo.

Toa sasa mabegi. Kontena moja linaingia mabegi 38 hivi. Abiria 500 wenye mabegi mawili kila mmoja wana mabegi 1,000, yaani makontena 27. Yanabaki 11 ya kuuza. Kwenye 777, abiria 354 wana mabegi 708, makontena 19, na yanabaki 25. Tofauti ni makontena 14 kila safari. Ukikadiria tani moja tu kwa kila kontena na dola 1.50 kwa kilo, ni dola 21,000 kila upande, kwenda na kurudi, mwaka mzima. Rudi kwenye mfano wetu wa mwanzo uone dola 21,000 zinafanya nini kwenye faida ya dola 18,000.

Minofu ya sangara ya Ziwa Victoria, maua, maparachichi, dawa, simu, vyote hupenda kusafiri chini ya abiria, na vinalipa hata siku ambayo abiria ni wachache. Toleo la mizigo la A380 lilipangwa pia. FedEx wakajitoa 2006, UPS 2007, mradi ukalala. Lilikuwa na nafasi nyingi kuliko nguvu ya kubeba: lingefaa vifurushi vyepesi, lisingefaa chuma. Na chumba cha marubani kimekaa kati ya ghorofa mbili, kwa hiyo huwezi kufungua pua yake na kuingiza shehena ndefu kama inavyofanyika kwenye 747. Wale wa 747 waliinua chumba cha marubani juu kabisa kwa kusudi hilo, wakijua siku moja abiria wataondoka na mizigo itabaki.

Uwanja unaoipokea

Wanaokumbuka Liemba ikishuka mwambao kuelekea Kasanga hadi Mpulungu, Zambia, wanajua vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, mitumbwi ikaja kushusha watu, mbuzi na magunia. Ndege haina mitumbwi. Kama uwanja hauna gati la saizi yake, haiji.

Maegesho yanatakiwa mita 80, pamoja na nafasi ya usalama pembeni. Uzito si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani: magurudumu ya nyuma ni 20, na mzigo kwa kila gurudumu unafanana na wa 777 yenye 12. Tatizo ni upana. Injini za nje zinaning'inia mbali, na kama kingo za barabara ya kurukia hazijaimarishwa zitapuliziwa mawe na nyasi. Zimamoto ni hadithi ya sentimita: kwa urefu wake A380 ingeingia daraja la 9, lakini kikomo cha upana wa mwili kwa daraja hilo ni mita 7, nayo ina 7.14. Kwa sentimita 14 uwanja unatakiwa uwe na magari, povu na watu wa daraja la 10.

Kupakia kunataka madaraja matatu ya kupitisha abiria kutoka jengoni, mawili chini na moja juu. Likikosekana la juu, watu wote wanapita mlango wa chini na kupanda ngazi za ndani, na muda wa kukaa chini, ambao kwa kawaida ni dakika 90 hivi, unaanza kurefuka. Mabegi 1,000 yanashuka pamoja kwenye mkanda mmoja. Maofisa wa uhamiaji waliopangwa wanane wanakutana na foleni ya watu 500 ndani ya dakika ishirini.

Hata angani kuna tozo. Nyuma ya mabawa hayo hewa inazunguka kwa nguvu, kama mawimbi ya meli yanavyotikisa mtumbwi uliopita karibu. Ndege ya kati, kama Boeing 737, inayotua nyuma ya 777 hukaa maili za baharini 5. Nyuma ya A380 hukaa 7. Kiwanja kilichotarajia kuokoa nafasi kwa kutumia ndege kubwa kinarudisha sehemu ya nafasi hiyo kama pengo.

Na siku ikiharibika? Sheria ya Umoja wa Ulaya, namba 261 ya 2004, inampa abiria wa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 fidia ya euro 600 ndege ikifutwa ghafla au kuchelewa sana kwa kosa la shirika. Watu 500 ni euro 300,000, zaidi ya gharama yote ya safari katika mfano wetu, bado vyumba 300 vya hoteli saa nane usiku. Bombardier Q400 ya viti 76, inayoleta watu Kigoma na Tabora, ikigoma, wageni 76 wanatawanyika kwenye gesti za mjini na kesho yake wanaondoka. Watu 500 hawana ndege ya kesho yenye viti 500 vitupu. Wanagawanywa kumi kumi kwa siku nne.

Inakolipa

Inalipa mahali ambapo huwezi kuongeza safari. Heathrow ya London ina kikomo cha safari 480,000 kwa mwaka, kutua na kuruka. Nafasi za kutua kule huuzwa kama viwanja vya Kariakoo: 2016 iliripotiwa kwamba Kenya Airways waliuza jozi yao ya nafasi kwa Oman Air kwa dola milioni 75. Ukiwa na nafasi moja asubuhi, na watu wanaotaka asubuhi hiyo ni 450, kiti cha ziada ndani ya ndege moja ni nafuu kuliko nafasi ya pili. Ndiyo maana British Airways walibaki na zao 12.

Na inalipa kwenye makutano. Hapa tunarudi Tabora. Stesheni yenye ncha tatu, Dar, Mwanza na Kigoma, inahudumia jozi tatu za miji. Ongeza ncha ya Mpanda, jozi zinakuwa sita. Ncha 10 zinatoa jozi 45, ncha 20 zinatoa 190. Kila mji unaoongeza kwenye kitovu hauongezi abiria wake tu, unaongeza kipande kidogo cha abiria kwa kila mji mwingine. Ndege inayotoka Manchester kwenda Dubai haina watu 500 wanaokwenda Dubai. Ina wachache wa Dubai, na wengine wa Karachi, Perth, Dar es Salaam, Dhaka, kila mmoja na kundi lake dogo. Hakuna kundi lililotosha kujaza ndege, pamoja wanaijaza. Emirates walichukua A380 123, karibu nusu ya zote, kwa sababu Dubai iko saa chache kutoka nusu ya dunia, uwanja unafanya kazi saa 24, na ndege zinafika kwa mafungu na kuondoka kwa mafungu ili watu wabadilishane.

Ubaya wa kitovu wanaujua waliowahi kusubiri Tabora: treni ya Mwanza ikichelewa, wa Kigoma naye anakaa. Ndipo Boeing 787, ndege ndogo zaidi ya injini mbili, iliyoingia kazini Oktoba 2011 kwa ANA, ilipoingilia. Air Tanzania walipopokea 787-8 yao Julai 2018, yenye viti 262, walipata ndege inayoweza kwenda mbali kwa abiria wachache, pasipo kupitia kwa mtu. Ruti ya watu 200 kwa siku ambayo zamani ililazimika kupita kitovuni ikawa inajitegemea. Kila ruti iliyojitenga ilichukua kikundi kidogo kutoka kwenye ile ndege ya ghorofa mbili.

Bei ya mitumba

Gari linauzwa mara tatu nne kabla ya kufa. Thamani ya ndege pia inategemea mnunuzi wa pili, na mkopeshaji hupanga riba kwa kumfikiria huyo. A380 mbili za mwanzo za Singapore Airlines zilianza kurudishwa kwa wenye nazo 2017 baada ya miaka kumi hivi ya kukodishwa. Hakuna aliyezitaka. Zikapelekwa Tarbes, Ufaransa, na baadaye zikakatwa vipuri. Ndege ya miaka kumi ni kijana. 777 ya umri huo inapata shirika lingine, na ikizeeka inatobolewa mlango wa pembeni ikawa ya mizigo.

Hesabu yake ni hii, tena kwa mfano. Ndege iliyonunuliwa dola milioni 240 na kubaki na thamani ya milioni 40 baada ya miaka 12 imekula milioni 200. Ikifanya safari 600 kwa mwaka, kila safari inadaiwa dola 27,800 za uchakavu kabla hujaweka mafuta. Ikibaki na thamani ya milioni 100, deni hilo linashuka hadi 19,400. Tofauti ya dola 8,400 kwa safari inatokana na swali moja tu: nani ataitaka baadaye?

Sasa geuza upande. Ukishakubali kwamba thamani imekufa, ndege iliyobaki inakuwa rahisi kuitumia. Air France walizitoa zote 2020. Lufthansa wakazipeleka zao kwenye uwanja wa kuegeshea wa Teruel, Hispania, na watu wakaziandikia tanzia. 2023 Lufthansa wakaanza kurudisha baadhi angani, Etihad nao wakarudisha. Abiria walirudi haraka baada ya korona, ndege mpya zikachelewa viwandani, na Boeing 777X iliyotarajiwa 2020 ikawa bado haijafika. Ndege isiyodaiwa mkopo inaulizwa swali dogo zaidi: je, mapato ya leo yanazidi mafuta, wafanyakazi, ada na matengenezo ya leo? Msimu wa joto wa Ulaya jibu ni ndiyo. Msimu wa baridi unaweza kuipumzisha, na hapo ndipo angalau inakaribia lile behewa linaloachwa uani Tabora. Inalala nzima, lakini inalala bila riba. Mwaka wa ukaguzi mkubwa wa miguu yake ya magurudumu na injini ndio utakaoamua, maana bili hiyo inakuja nzima, haijali ulirusha miezi sita au kumi na miwili.

Hiyo 777X toleo la 777-9 imepangiwa abiria 426 kwa madaraja mawili, kwa injini mbili. Bawa lake angani lina upana wa karibu mita 72, refu na jembamba kama inavyotakiwa. Maegesho mengi ya ndege kubwa yana kikomo cha mita 65. Kwa hiyo ikishatua, kabla ya kuingia kwenye gati, ncha zake mbili zinakunjwa kwenda juu, zaidi ya mita tatu kila upande, na inapita kwa mita 64.8.